Injinia na Breki ya Mbele

Injinia hakuwa injinia. Alikuwa msambazaji wa mikate, mtu wa kuamka mapema, kufunga kreti nyuma ya pikipiki na kuzunguka duka hadi duka kabla watu hawajanawa uso. Jina alipewa na vijana wa kijiweni, kwa sababu hakuna pikipiki iliyopita mbele yake asiishikeshike. Ikikohoa, anainama. Isipokohoa, anainama vilevile, anataka kujua kwa nini iko kimya. Mke wake alikuwa akisema kwamba mwanamume yule angeoa egzosi, basi tu egzosi haiwezi kumfulia nguo.

Mtaa mzima ulijifunzia pikipiki kwake. Nyuma ya kiwanda cha mikate kulikuwa na uwanja wa vumbi ambapo malori yaligeuzia. Jioni malori yakishaondoka, Injinia ndiye mkuu wa chuo. Hakumtoza mtu hata sumni. Alichotaka ni kuitikiwa "ndiyo Injinia", "sawa Injinia", na kwa mtu wa namna yake hayo yanashibisha kuliko mikate aliyobeba.

Somo la kwanza lilikuwa lilelile kwa wote, na alilitoa kabla mwanafunzi hajapanda.

"Unauona huu mkono wa kulia? Wanauita breki ya mbele. Huu ni pambo. Wameuweka kiwandani ili pikipiki ipendeze. Ukiuminya, gurudumu linagoma, wewe unaendelea na safari peke yako, hewani. Breki ni ya mguu. Narudia: ya mguu!"

Kisha anachuchumaa kwenye gurudumu la mbele, analegeza nati, anachomoa waya wa breki na kuufunga pembeni kwa kipande cha mpira wa tyubu.

"Haya. Nimekuondolea kifo."

Mwanafunzi anashukuru. Nusu ya pikipiki za mtaa ule zilitembea hivyo, na kipande cheusi cha mpira mbele kama mtu aliyefungwa kidonda.

Mwanafunzi aliyempenda kuliko wote alikuwa Msusi, binti wa marehemu kaka yake. Alikulia nyumbani kwake tangu hajui kufunga kamba za viatu, na sasa alikuwa msichana mzima, fundi wa kusuka nywele, anayewafuata wateja majumbani na mkoba wake wa vitana. Aliponunua pikipiki kuukuu, Injinia ndiye aliyemchagulia, akamfundisha, na siku ileile akauchomoa waya. Mkono wa breki ukabaki umelegea kama sikio la mbwa mgonjwa. Msusi akazoea kuufanya mahali pa kujishikizia: akipunguza mwendo, mguu unakanyaga breki ya nyuma, na vidole vyote vya kulia vinaukumbatia ule mkono mfu, kwa nguvu, kama mtu anayeshika bomba ndani ya basi. Injinia alikuwa akiviona vidole vile kila siku. Havikumsumbua. Vingemsumbuaje, na waya umefungwa?

Watu wengine walimsikiliza Injinia kwa adabu. Msusi alimsikiliza kwa imani. Mtu akibisha jambo la barabarani, alijibu, "Baba Mdogo kasema," na kwake mazungumzo yamefungwa.

Mambo yalianza kwenda mrama pale meneja mpya wa kiwanda alipowakusanya waendesha pikipiki wote. Akawaambia kwamba kuanzia sasa kila mtu apitie mafunzo ya usalama, afanye mtihani, apate leseni. Asiye na leseni hatagusa kreti.

Injinia alikuwa hana leseni. Hajawahi kuwa nayo. Alikuwa ameendesha miaka yote ile kwa ujuzi, na kwa kuwapungia mkono askari wa barabarani kama ndugu zake.

"Mimi niende shule ya pikipiki?" alimuuliza meneja. "Si afadhali shule ije kwangu?"

"Shule iko nyuma ya kituo cha mafuta," alisema meneja. "Jumatatu, saa nane mchana."

Jioni ile, nyumbani, Msusi alimkaribisha kwa swali hata kabla hajavua viatu.

"Baba Mdogo, nasikia wa kiwandani mmepelekwa chuo?"

Angesema ndiyo, mambo yangeishia hapo. Lakini msichana alikuwa amemkazia macho, na macho yale yalikuwa na cheko kidogo la kungoja. Ulimi ukatangulia.

"Wenzangu ndio wamepelekwa. Mimi nimeombwa nikasaidie kufundisha."

"Nilijua tu!" Msusi alipiga makofi. "Mama Mdogo, umesikia? Wamemwona!"

Mama Mdogo alisikia, na sahani zilikuwa hazijaoshwa alipokuwa ameshafika ukutani kwa jirani. Kesho yake asubuhi mama wa genge alimwamkia Injinia, "Shikamoo mwalimu," ilhali ni mkubwa kwake kwa umri. Akaitikia. Mtu mwenye haya angejificha chini ya kreti.

Shule yenyewe ilikuwa chumba chenye mabenchi na ubao, na nje uwanja wa sakafu ngumu uliochorwa mistari myeupe. Mwalimu alikuwa mwanamke mfupi, buti kubwa, filimbi shingoni, sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya reli. Aligawa vizibao vya rangi ya chungwa vyenye neno MWANAFUNZI mgongoni, kubwa kiasi cha kusomwa na kipofu, kisha akauliza nani ameshawahi kuendesha pikipiki.

Injinia aliinua mkono mpaka kwapa likaonekana.

"Vizuri," alisema Mwalimu. "Wewe ndiye utakayenisumbua."

Watu wakacheka. Aliyecheka zaidi ni Mkunga, mama mnene wa zahanati aliyekuja kujifunza ili asiwe anangoja kubebwa pale mama mjamzito anapomhitaji. Hajawahi kupanda pikipiki isipokuwa nyuma, tena kwa upande.

Wakatoka nje kukagua vyombo. Mwalimu alizunguka pikipiki ya Injinia mara moja tu, akasimama mbele.

"Huu waya umekosa nini mpaka ukafungwa kamba?"

"Hiyo ni hatari, Mwalimu. Inarusha."

"Inamrusha nani?"

"Mtu."

"Mtu yupi?"

"Yeyote anayeishika."

Mkunga akaingilia. "Mwalimu, kama inarusha mimi niambie mapema nirudi nyumbani. Mwili huu ukirushwa, utaua mtu huko utakakotua."

"Hutarushwa, mama. Utafundishwa." Kisha akamgeukia Injinia. "Unganisha. Chombo chenye breki moja hakiingii kwenye uwanja wangu."

Akaunganisha kwa hasira. Alijua watakapofika kwenye kusimama kwa ghafla, watamwona.

Walimwona. Mwalimu alimtanguliza kwa kuwa ndiye mzoefu. Aje kwa kasi, filimbi ikilia asimame. Injinia alikuja na upepo wake, filimbi ikalia, akakanyaga mguu kama anaua nyoka. Gurudumu la nyuma likaserereka, mkia ukatupwa kulia, ukatupwa kushoto, akaupita mstari, akaupita na ule wa pili, akaja kusimama karibu na ukuta wa choo. Akageuka na tabasamu. Mtaani kwake watu hupiga mbinja mtu akiserereka vile.

Hapa hakuna aliyepiga mbinja. Mwalimu aliichukua pikipiki ileile, akaja kwa mwendo uleule, akatumia mkono na mguu pamoja. Pikipiki iliinama mbele kidogo kama inasujudu, ikatulia. Ilikuwa mbali kabisa na mstari, upande wa huku.

"Ukifunga breki, uzito wote unakimbilia mbele," aliwaambia. "Gurudumu la mbele ndilo linalokanyaga ardhi, la nyuma linabaki jepesi, halina lisemalo. Mwenye breki ya nyuma peke yake hana breki, ana matumaini. Huu mkono unamrusha anayeunyakua. Minya taratibu kama unakamua nguo, usiukabe kama umeshika mwizi. Haya baba, rudia."

Injinia alirudia. Filimbi ililia. Vidole vyake vilinyooka juu ya mkono wa breki kama vimetiwa gundi, vikakataa kukunja. Akaenda tena mpaka ukuta wa choo.

"Nani alikudanganya?" Mwalimu alimuuliza, bila ukali safari hii. Na bora angekuwa mkali.

Hakuna aliyemdanganya. Zamani, kijana hajaoa, aliushika mkono ule kwenye kona yenye mchanga, akaanguka mbele ya wasichana. Ni hilo tu. Kwa anguko moja la mchangani na kicheko cha wasichana alijitungia elimu nzima, akaigawa kwa mtaa mzima na spana mkononi.

Siku zikaenda. Mkunga, aliyeanza kwa kuzima injini kila alipotaka kuondoka, akajua kusimama kabla ya mstari. "Kaka, huko chooni unafuata nini kila mara?" alimtania. "Kama tumbo linakusumbua sema, mimi ni mtu wa hospitali." Injinia alicheka kwa meno tu. Alikuwa anaelewa sasa. Kichwa kilikuwa kimeelewa tangu siku ya kwanza. Vidole ndivyo vilivyochelewa. Mwisho navyo vikakubali, na siku aliposimama sawasawa, mbali na mstari, hakufurahi. Aliwaza pikipiki zote zilizofungwa mpira. Akamwaza Msusi.

Kila jioni alikikunja kile kizibao cha chungwa mpaka kikawa kama kitambaa cha pua, akakisokomeza chini ya kiti cha pikipiki. Akiingia ndani, Msusi anamngoja.

"Leo umewafundisha nini, Baba Mdogo?"

Alimwambia habari za vioo. Alimwambia habari za barabara yenye maji, namna ya kupita lori, namna ya kuangalia kule unakokwenda badala ya gurudumu. Msusi alisikiliza, akauliza, akayatia kichwani. Breki aliiruka kila siku, kama mtu anavyoruka dimbwi akiwa na viatu vipya. Kwa maana akiigusa breki, msichana atauliza: kumbe? Tangu lini? Nani kakwambia? Na majibu yote yalikuwa chini ya kiti cha pikipiki, yameandikwa MWANAFUNZI.

Asubuhi moja alijaribu. Msusi alikuwa ameshapanda, mkoba mgongoni, vidole vimeukumbatia ule mkono uliolegea.

"Mwanangu..."

"Abee, Baba Mdogo?"

"Hiyo taa yako ya nyuma ina vumbi. Ifute."

Msusi akashuka, akaifuta, akamshukuru, akaenda zake.

Kisha akarudi siku hiyohiyo amechafuka tope mpaka magotini, kiwiko kimechubuka. Mkokoteni ulimkatizia, alisema. Akakanyaga breki yote, pikipiki ikaserereka tu, haitaki kusimama, ikabidi aielekeze mtaroni asiwaponde watu.

"Ulikuwa na mwendo," alisema Injinia.

"Sikuwa na mwendo, Baba Mdogo."

"Basi ulichelewa kukanyaga."

Msusi alifikiri. Akajitazama mguu wa kulia kama uliomkosea. "Huenda nilichelewa," alisema polepole. "Nitajirekebisha."

Injinia alijifanya anatafuta kitu kabatini. Msichana alikuwa amelipokea kosa lile, akalibeba kama lake, na yeye mwenye kosa yuko palepale, amegeuza mgongo, anapekua vikombe. Alijisikia kuwa mtu mdogo kuliko vile vikombe.

Asubuhi iliyofuata ndipo alipofanya jambo ambalo kwa akili yake aliliona la maana. Msusi alikuwa ndani, anakunywa chai na kupanga vitana. Injinia alitoka na spana, akachuchumaa kwenye pikipiki ya msichana, akafungua ule mpira, akauchomeka waya mahali pake, akakaza nati. Akauminya mkono: breki ikang'ata barabara. Mpira wa tyubu akautupa nyuma ya ukuta.

Basi, alijisemea. Msichana ana breki sasa, hakuna aliyeona, hakuna aliyeulizwa. Akanawa mikono, akasimama mlangoni na kikombe cha chai, na kwa mara ya kwanza tangu shule ianze kifua kilikuwa chepesi. Alikuwa kama mtu aliyerudisha kitu cha wizi usiku bila kuonwa, akaanza kujihesabu mwema.

Vile vidole hakuvikumbuka. Mtu aliyejisifu maisha yake yote kwamba anajua kila nati, hakukumbuka kwamba mwanawe hujishikiza kwenye mkono ule kwa nguvu zake zote, kwa sababu yeye mwenyewe alimwambia ni pambo.

"Nimeenda, Baba Mdogo. Mteja wangu wa jana bado yuko na nusu kichwa, kiza kilituingilia."

"Nenda salama, mwanangu."

Kwenye kona, pale njia yao inapokutana na barabara kubwa, mbwa alikuwa amelala katikati. Msusi akapunguza mwendo kama siku zote. Mguu ukakanyaga, na mkono wa kulia ukafumbata.

Injinia aliona yote akiwa mlangoni. Aliona gurudumu la mbele likigoma kwenye changarawe, aliona sehemu ya nyuma ikinyanyuka, akamwona mwanawe akienda mbele peke yake, mkono wa kulia umetangulia. Vitana vilimwagika njia nzima. Mbwa aliamka, akatazama, akahama. Kikombe cha chai sijui kiliangukia wapi, maana Injinia alifika pale kwenye kona miguu mitupu.

Msusi alikuwa mzima. Kofia ngumu ilimwokoa kichwa. Ila kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa kimeanza kuvimba, na vidole vya kusukia vilikuwa vimepinda kama vya mtu aliyeshika kitu kisichoonekana.

"Sijui nini kimetokea," alikuwa akisema. "Nimekanyaga mapema, Baba Mdogo. Leo nimekanyaga mapema kabisa."

Wakamrudisha ndani, akalazwa kwenye kochi, Mama Mdogo akamwekea kitambaa cha maji baridi. Sebule ilijaa. Alikuwepo Muuza Maji, aliyefundishwa na Injinia, na Kinyozi wa pembeni, aliyefundishwa na Injinia, na mama wa genge, aliyekuja kuona. Muuza Maji ndiye aliyeikokota pikipiki mpaka mlangoni, akaingia amekodoa macho.

"Injinia! Njoo uone maajabu! Kuna mtu kaunganisha waya wa mbele!"

"Wee!" Kinyozi alitoka kuangalia, akarudi. "Kweli! Umeunganishwa na umekazwa! Si ndiyo hiyo alituambia? Inarusha! Tangu siku ya kwanza alituambia, inarusha!"

"Injinia hakosei," alisema mama wa genge. "Ndiyo maana wakamfanya mwalimu."

Injinia alikuwa amesimama kando ya kabati. Maneno yale yalimwingia kama maji ya moto sikioni. Walikuwa wanamsifu. Mtoto analia kwenye kochi, mkono umevimba, nao wanamsifu.

"Sasa nani kaunganisha?" Muuza Maji aliuliza. "Msusi, juzi ulipeleka kuziba pancha, siyo?"

"Kwa fundi wa pancha, ndiyo," alisema Msusi, macho yamefumbwa kwa maumivu. "Lakini nilimwambia azibe tu. Labda... labda ndiye."

"Ndiye! Nani mwingine? Kimbelembele chake kile!" Kinyozi alikuwa ameshasimama. "Twendeni. Leo atatueleza. Amtafutie msichana wa watu mkono mwingine."

"Ngoja kwanza nimpigie mke wangu simu," alisema Muuza Maji. "Mtu asije akaigusa na yangu."

Wakaanza kuelekea mlangoni. Fundi wa pancha alikuwa mtu mpole, mguu mmoja mfupi, hata kukimbia asingeweza. Injinia alimwona kwa akili jinsi atakavyowatazama, asijue anaulizwa nini.

"Kaeni," alisema.

Hawakumsikia.

"Nimesema kaeni! Ni mimi."

Wakageuka. Mama Mdogo aliacha kukamua kitambaa.

"Wewe nini?" aliuliza.

"Mimi ndiye niliyeunganisha. Leo asubuhi. Akiwa anakunywa chai."

"Ulisahau?" Kinyozi alimsaidia. Alitaka sana kumsaidia. "Ulipitiwa, Injinia?"

"Sikupitiwa. Ile breki hairushi. Inamrusha asiyejua kuitumia, na asiyejua kama anayo. Ndiyo inayosimamisha pikipiki. Ya nyuma ni ya kusaidia tu. Nimeambiwa shuleni. Nimeonyeshwa. Mimi sifundishi pale. Mimi ni mwanafunzi. Nakaa benchi moja na mama mmoja mkunga ambaye hajawahi kuendesha, na ananishinda."

Mama wa genge alitoa kicheko kifupi, akakimeza, akajishika mdomo.

"Nimewachomolea breki nyote," alisema Injinia. "Kwa mkono wangu."

Muuza Maji alikuwa bado ana simu sikioni, na sauti ya mkewe ikasikika ikiita haloo, haloo. Akaikata.

"Yaani mimi," alisema taratibu, kama anayejitafsiria, "na yale madumu yote nyuma, miaka yote hii, naendesha nusu pikipiki?"

Injinia aliinamisha kichwa.

Hawakumtukana. Angepewa nafasi angechagua matusi. Walitoka mmoja mmoja bila kuaga, na nje zikasikika sauti zao za chini, kisha mlio wa mkono wa breki uliolegea ukiminywa na kuachwa, ukiminywa na kuachwa, kama mtu anayepima jino bovu kwa ulimi.

Mama Mdogo ndiye aliyeanza.

"Na mimi nilivyotangaza mtaa mzima. Mume wangu mwalimu, mume wangu mwalimu." Akasonya, msonyo mrefu wa kumaliza pumzi. "Vaa viatu. Mpeleke mtoto hospitali. Hayo mengine tutayaongea mimi na wewe."

Msusi alikuwa amefumbua macho. Alikuwa anamtazama baba yake mdogo kama unavyomtazama mtu uliyemfananisha.

"Jana, kwenye mkokoteni," alisema. "Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukaniambia nilichelewa kukanyaga."

"Ndiyo."

"Na mimi nikakubali."

Msusi hakulia zaidi. Aliuchukua mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, akauweka mapajani kama kitu cha kuazima, akauliza, bila kumuuliza mtu yeyote, yule mteja mwenye nusu kichwa ataambiwa nini.

Nje Injinia aliwasha pikipiki yake. Msusi aliitazama, akamtazama na yeye.

"Sipandi."

"Hospitali ni mbali, mwanangu. Utachoka."

"Nitachoka."

Akaizima. Hata hivyo hakuiacha. Akaikokota kando yake, huenda msichana akabadili mawazo njiani. Basi wakaenda hivyo, msichana mbele kidogo na mkono uliofungwa kanga ya Mama Mdogo, na mwanamume nyuma kidogo anasukuma chuma kizima kama adhabu.

Habari ilikuwa imeshafika kijiweni kabla yao. Vijana walikuwa wamejipanga juu ya pikipiki zao, wengine wamechuchumaa wanachungulia magurudumu ya mbele.

"Injinia!" mmoja aliita. "Pita huku uniunganishie na mimi!"

"Asikuguse! Hana leseni huyo!"

"Mwalimu, kesho kipindi saa ngapi?"

Kicheko kikapanda, kikazunguka. Injinia alitazama tairi lake linavyoviringika, shingo inawaka moto.

"Mwacheni," alisema Msusi bila kugeuka. "Ananipeleka hospitali."

Wakanyamaza, kwa ajili yake. Na hilo ndilo lililomchoma Injinia kuliko kicheko chote, kwamba hata leo, na mkono ule, alikuwa bado anatetewa na mtoto.

Walipita duka la vifaa vya ujenzi, wakapita msikiti na kanisa vinavyotazamana, wakaingia barabara ya hospitali yenye kivuli. Injini za watu wengine zilikuwa zikiwapita. Msusi alipunguza hatua mpaka wakawa sambamba.

"Inashikwaje?" aliuliza.

"Nini?"

"Hiyo ya mbele. Inashikwaje, mtu asiruke?"

Injinia alisimama. Aliweka mkono wake wa kulia juu ya usukani, akakunja vidole viwili, polepole, tena polepole zaidi, ili aone. Akamwambia habari ya uzito kukimbilia mbele. Akamwambia asiinyakue. Akamwambia aanze kuiminya mwendo ukiwa mdogo, sehemu kavu, pikipiki ikiwa imenyooka, na mguu usaidie. Hakuongeza chumvi wala kujisifu, na kila alipotaka kusema "mimi ninavyojua" alijizuia, akasema "nimefundishwa".

Msusi alivitazama vidole vile kwa makini, vikifunga na kufungua. Zamani angekuwa ameshaitikia kwa kichwa kabla sentensi haijaisha. Sasa alingoja mpaka akamaliza.

"Nitamuuliza mwalimu wako kama ni kweli," alisema.

"Muulize," alisema Injinia.

Wakaendelea kutembea.